Daftari, Rimu na Bahasha Mpakani: Mwongozo wa Kuainisha Shajala za Karatasi kwa Ajili ya Ushuru wa Forodha

Kila bidhaa inayoingizwa katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa forodha kulingana na nambari iliyoandikwa kwenye tamko la forodha. Nambari hiyo, wala si jina ambalo bidhaa inaitwa dukani, ndiyo inayoamua kiwango cha ushuru, vibali vinavyotakiwa, na hata iwapo bidhaa inastahili msamaha au la. Kazi ya kuitafuta nambari hiyo huitwa uainishaji, na kwa mwagizaji wa shajala, yaani madaftari, rimu za karatasi, bahasha, faili, diari na vifaa vingine vya karatasi vinavyouzwa katika maduka ya steshenari, kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu bidhaa zinazokaa rafu moja dukani hutawanyika katika vichwa vingi vya kitabu cha ushuru.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mfanyabiashara mdogo, mhasibu wa shule au mtu yeyote anayeagiza shajala kutoka nje na ambaye angependa kuelewa kile wakala wake wa forodha anachokiandika. Kumwachia wakala kila kitu ni desturi iliyozoeleka, lakini si desturi nzuri, kwani anayedaiwa pengo la ushuru baadaye ni mwenye mzigo.

Kwa nini nambari ina uzito

Viwango vya Pamoja vya Ushuru wa Forodha vya Jumuiya vina ngazi 4 kuu: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa ambazo bado zinahitaji kusindikwa, asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika, na asilimia 35, iliyoongezwa kuanzia Julai 2022, kwa bidhaa zilizokamilika ambazo kanda inaaminika kuzizalisha kwa wingi wa kutosha. Ikichukuliwa kwa mfano tu kwamba mzigo una thamani ya forodha ya shilingi 10,000,000 za Tanzania, ushuru wa asilimia 25 ni shilingi 2,500,000, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, ambayo hukokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru, ni shilingi 2,250,000. Mzigo huohuo ukitozwa asilimia 10, ushuru ni shilingi 1,000,000 na kodi ni shilingi 1,980,000. Tofauti ni shilingi 1,770,000, na hapo tozo nyingine hazijaguswa.

Kwa hiyo kosa la tarakimu moja linaweza kula faida yote ya mzigo, au likaonekana kama jaribio la kukwepa ushuru. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, katika kifungu cha 203, inamweka hatarini anayetoa tamko la uongo au lisilo sahihi: kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani.

Nambari inavyojengwa

Msingi wa nambari ni mfumo wa kimataifa wa maelezo na misimbo ya bidhaa, unaojulikana kwa herufi HS, ambao unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani lenye makao yake Brussels na ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Tarakimu 2 za kwanza ni sura, 4 za kwanza ni kichwa, 6 za kwanza ni kichwa kidogo, na hadi hapo nchi zote zinazotumia mfumo huo zinafanana. Tarakimu zinazofuata ni za nchi au jumuiya husika. Afrika Mashariki hutumia tarakimu 8. Bidhaa za karatasi ziko katika Sura ya 48, na machapisho, kama vitabu, kalenda na kadi za salamu, yako katika Sura ya 49. Mabishano mengi ya shajala huzuka kwenye mpaka wa sura hizi mbili.

> KISANDUKU CHA ISTILAHI
> *Dokezo la sura:* maelezo ya kisheria yaliyochapishwa mwanzoni mwa sura, yanayosema kinachoingia na kisichoingia. Yana nguvu sawa na maneno ya kichwa chenyewe.
> *Kanuni za Jumla za Ufasiri:* kanuni 6, zilizochapishwa mwanzoni mwa kitabu cha ushuru, zinazoeleza utaratibu wa kuchagua kichwa. Hutumika kwa mfuatano, si kwa kuchaguachagua.
> *Maelezo ya Ufafanuzi:* ufafanuzi wa Shirika la Forodha Duniani kuhusu kila kichwa, ambao maofisa huutumia kama mwongozo wa tafsiri.
> *Uamuzi wa awali:* jibu la maandishi la mamlaka ya forodha kuhusu uainishaji, linalotolewa kabla mzigo haujaingia.

Hatua za kufuata

1. Bidhaa ielezwe kabla nambari haijatafutwa. Hapa ndipo waagizaji wengi hujikwaa, kwani huanza na nambari iliyo kwenye ankara ya muuzaji kisha wakalazimisha bidhaa iifuate. Maelezo kamili ya shajala yajibu maswali haya: ni karatasi tupu, yenye mistari au iliyochapwa? Zimefungwa pamoja au ziko huru? Zimefungwa kwa nini: gundi, uzi, pini au waya? Ukubwa wa ukurasa ni milimita ngapi? Uzito wa karatasi ni gramu ngapi kwa mita ya mraba? Jalada ni la nini? Bidhaa imetengenezwa ili ifanyiwe nini?

2. Maneno ya vichwa na madokezo ya sura yasomwe. Kanuni ya 1 inaagiza kwamba uainishaji uamuliwe na maneno ya vichwa pamoja na madokezo ya sehemu na sura. Majina ya sura ni ya kurahisisha utafutaji tu na hayana nguvu ya kisheria. Kwa shajala, dokezo la kwanza kusomwa ni la 12 la Sura ya 48, linalosema kwamba karatasi na vitu vya karatasi vilivyochapwa picha, maandishi au michoro ambayo si nyongeza tu ya matumizi makuu ya bidhaa huingia Sura ya 49, isipokuwa bidhaa za vichwa 48.14 na 48.21. Bahasha iliyochapwa nembo ya kampuni hubaki bahasha, kwa kuwa nembo ni nyongeza. Kadi ya harusi yenye maneno ya pongezi haibaki karatasi, kwa kuwa maneno hayo ndiyo yanayonunuliwa.

3. Kanuni nyingine zitumike pale tu ya kwanza isipotosha. Kichwa kinachotaja bidhaa kwa umahususi hushinda kile cha jumla. Bidhaa ya mchanganyiko au seti hufuata kitu kinachoipa sifa yake kuu. Vyote viwili visipotoa jibu, huchukuliwa kichwa cha mwisho kwa mpangilio wa nambari kati ya vinavyostahili kwa usawa.

4. Kichwa kidogo kichaguliwe baada ya kichwa, si kabla. Kanuni ya 6 hulinganisha vichwa vidogo vya ngazi moja pekee. Mtu anayeruka moja kwa moja kwenye tarakimu 6 huweza kupata maneno yanayofanana na bidhaa yake ilhali kichwa chake kikuu hakihusiki kabisa.

5. Kiwango kisomwe katika toleo linalotumika. Toleo la Jumuiya linalofuata HS ya mwaka 2022 lilianza Julai 2022, na kila mwaka Gazeti la Jumuiya hutoa mabadiliko yanayoanza na mwaka wa fedha, yakiwemo maombi ya nchi mojamoja kutoza kiwango tofauti. Nakala ya zamani iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya ofisi haifai kwa kazi hii.

6. Sababu ziandikwe. Nusu ukurasa unatosha: maelezo ya bidhaa, kichwa kilichochaguliwa, dokezo au kanuni iliyotumika, na vichwa vilivyokataliwa pamoja na sababu zake.

> ORODHA YA HARAKA: BIDHAA NA VICHWA VYAKE
> Karatasi tupu za kuandikia na kuchapia zisizopakwa: 48.02
> Karatasi za kaboni na za kujinakili za ukubwa wa A4: 48.16
> Bahasha, kadi za mawasiliano, boksi lenye mchanganyiko wa karatasi za barua na bahasha: 48.17
> Mafaili ya boksi na trei za barua, za karatasi: 4819.60
> Madaftari ya kumbukumbu, leja, vitabu vya risiti, vibunda vya kuandikia, diari: 4820.10
> Madaftari ya shule: 4820.20
> Majalada ya kuhifadhia karatasi na faili: 4820.30
> Fomu za nakala nyingi: 4820.40
> Albamu: 4820.50
> Lebo, zilizochapwa na zisizochapwa: 48.21
> Vitabu: 49.01, vitabu vya picha na vya kupaka rangi vya watoto: 49.03, kadi za salamu: 49.09, kalenda: 49.10; katalogi na matangazo ya biashara: 4911.10

Orodha hii ni mlango wa kuingilia tu. Bidhaa nyingi hupita humo bila shida, na zile zinazokwama zinafuata.

Rimu ya karatasi

Rimu ya A4 inaonekana kuwa bidhaa nyepesi kuliko zote kuainisha, ilhali nambari yake inategemea vipimo vinne. Kichwa kidogo cha 4802.56 huchukua karatasi isiyopakwa yenye uzito wa gramu 40 hadi 150 kwa mita ya mraba, ikiwa katika vipande ambavyo upande mmoja hauzidi milimita 435 na mwingine hauzidi milimita 297 bila kukunjwa, na ambayo nyuzi zake zilizopatikana kwa njia ya kimakanika hazizidi asilimia 10 ya uzito wa nyuzi zote. A4, yenye milimita 210 kwa 297, inaingia. A3, yenye 297 kwa 420, inaingia pia, tena kwa kugusa mpaka wenyewe. A2 haiingii, nayo huenda 4802.57. Karatasi nene ya gramu 160, ambayo wachapaji hutengenezea vyeti na majalada, huenda 4802.58 hata ikiwa ya ukubwa wa A4.

Uzito unaweza kuhakikiwa kwa mizani ya kawaida. Kipande kimoja cha A4 cha gramu 80 kwa mita ya mraba kina uzito wa takribani gramu 5, kwa hiyo rimu ya vipande 500 ina kilo 2.5 na katoni ya rimu 5 ina kilo 12.5 bila kuhesabu vifungashio. Rimu yenye kilo 2.2 ni ya gramu 70, lebo iseme itakavyosema. Kichwa hakibadiliki kwa tofauti hiyo, lakini uzito uliotamkwa na bei iliyotamkwa vitahojiwa.

Karatasi hizohizo zikichapwa mistari na kutobolewa matundu ili ziwekwe kwenye faili, zikiwa bado hazijaunganishwa, huhamia 4811.90, kichwa cha karatasi zilizochapwa au kupambwa usoni. Zikiunganishwa na kuwa kibunda au daftari, huhamia tena, safari hii 48.20. Mistari na gundi, vitu ambavyo mnunuzi wa kawaida havijali, ndivyo vinavyoipeleka karatasi moja katika vichwa vitatu.

Daftari la shule na kitabu cha mazoezi

Daftari lenye mistari mitupu ni 4820.20, na hubaki hapo hata likiwa na mifano ya mwandiko wa kuigwa na mwanafunzi. Kitabu chenye masimulizi au mafunzo pamoja na maswali na nafasi za kujazia majibu si daftari. Maelezo ya Ufafanuzi yanakipeleka 49.01. Kikiwa cha watoto, na picha ndizo zenye uzito huku maneno yakizisindikiza, huenda 49.03.

Kishawishi cha kuliita daftari kitabu kina chanzo chake. Mkataba wa Florence wa mwaka 1950, ulioandaliwa na UNESCO na ambao Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilijiunga nao, unazitaka nchi wanachama zisitoze ushuru wa forodha kwa vitabu. Lakini mkataba huohuo unaitoa shajala waziwazi katika msamaha huo. Kuchapa jedwali la kuzidisha au wimbo wa taifa nyuma ya daftari hakuligeuzi kuwa kitabu, na ofisa mwenye uzoefu hahitaji zaidi ya kufungua ukurasa wa katikati ili kujua anachokishika.

Diari, kalenda na kipangaji

Kalenda ya ukutani ni 49.10. Diari, pamoja na kalenda zenye nafasi za kuandikia miadi, ni 48.20, kwa sababu matumizi yake makuu ni kuandikwa. Jalada la ngozi, plastiki au kitambaa haliiondoi diari katika kichwa hicho.

Mabishano kuhusu bidhaa za aina hii yamewahi kufika Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani. Kampuni ya Mead iliagiza vipangaji vya siku, yaani majalada ya pete yenye kurasa za ratiba, anwani na kalenda, na kwa miaka kadhaa viliingia bila ushuru chini ya fungu la "nyinginezo". Mwaka 1993 forodha ya huko ilibadili msimamo, ikaviita diari zilizojalidiwa, na kuvitoza asilimia 4. Mwaka 2001 Mahakama hiyo iliamua kwamba barua ya uainishaji ya forodha haina uzito wa kuzifunga mahakama, bali inastahili heshima kwa kadiri hoja zake zinavyoshawishi. Na mwaka 2002 mahakama ya rufaa iliyorudishiwa shauri ikaamua kwamba vipangaji hivyo havikuwa diari zilizojalidiwa. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, la kuzingatia ni kwamba pande zote mbili zilikubaliana kuhusu 4820.10. Ugomvi wote ulikuwa katika tarakimu za 7 na 8, ambazo ni za Marekani peke yake, na ndiyo maana nambari ndefu kutoka nchi nyingine haifai kunakiliwa.

Faili, seti na vitabu vya risiti

Faili la karatasi ngumu ni 4820.30, na pini au pete zake za chuma hazibadilishi chochote. Faili la plastiki tupu ni 3926.10, miongoni mwa vifaa vya ofisi na shule vya plastiki. Pete na klipu za faili zikiagizwa peke yake ni 8305.10. Faili la karatasi ngumu lililofunikwa kwa plastiki ndilo lenye utata, kwani huamuliwa na kile kinacholipa sifa yake kuu, na sampuli hapo ina nguvu kuliko maelezo.

Seti ya shule yenye madaftari, penseli na kifutio huhesabiwa kuwa bidhaa moja endapo masharti 3 yametimia: ina vitu vya angalau vichwa viwili tofauti, vimewekwa pamoja kwa hitaji au shughuli moja, na vimefungashwa tayari kumfikia mnunuzi wa mwisho bila kufungashwa upya. Sharti moja likikosekana, kila kitu hutamkwa peke yake: penseli 9609.10, kalamu za wino wa bolipeni 9608.10, vifutio vya mpira 4016.92, vichongeo 8214.10. Katoni moja yenye vitu mchanganyiko, vilivyopakiwa pamoja ili kuokoa nafasi ya kontena, si seti.

Kitabu cha risiti kinatajwa kwa jina katika 4820.10, ilhali fomu za nakala nyingi zinatajwa katika 4820.40, na kitabu cha risiti cha karatasi za kujinakili chenye nakala tatu kinagusa vyote viwili. Kwa bidhaa hiyo, busara ni kuomba uamuzi wa awali badala ya kubahatisha.

Makosa yanayojirudia

- Kuandika "stationery" au "vifaa vya ofisi" kwenye ankara na kutarajia ofisa akisie yaliyobaki. Maelezo ya jumla hualika ukaguzi wa kontena zima.
- Kunakili nambari ya muuzaji wa China au India hadi tarakimu ya mwisho.
- Kupanga mzigo wote chini ya nambari ya bidhaa iliyo nyingi zaidi.
- Kutumia 4820.90, fungu la "nyinginezo", kama kimbilio la kila kitu kisichoeleweka. Fungu hilo ni la vitu vilivyokosa nafasi baada ya mafungu mengine kusomwa.

> ONYO
> Nambari isichaguliwe kwa sababu ina kiwango kidogo. Utaratibu ni kutafuta nambari sahihi kwanza, kisha kusoma kiwango chake. Anayeanza na kiwango hushindwa kutoa sababu anapoulizwa.

> KABLA YA KUSAINI TAMKO
> ☐ Kila bidhaa ina mstari wake kwenye ankara na kwenye orodha ya upakiaji.
> ☐ Ukubwa, gramu na aina ya ufungaji vimeandikwa.
> ☐ Madokezo ya Sura za 48 na 49 yamesomwa.
> ☐ Toleo la viwango ni la mwaka wa fedha unaoendelea.
> ☐ Sampuli au picha za bidhaa zenye utata zimehifadhiwa.
> ☐ Karatasi ya sababu imeandikwa na wakala ana nakala.

Shaka ikibaki, au forodha ikikataa

Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika Februari 2017, unazitaka nchi wanachama zitoe maamuzi ya awali kuhusu uainishaji kwa mwagizaji anayeomba kwa maandishi akiambatisha taarifa zote. Mamlaka za mapato za kanda hupokea maombi ya aina hiyo, na ombi lenye sampuli, vipimo na hoja ya mwombaji hueleweka upesi kuliko barua ya mistari miwili. Liwasilishwe kabla bidhaa haijasafirishwa, kwa kuwa mzigo ukishafika bandarini gharama za kuhifadhi huanza kuhesabika na uvumilivu wa mwenye mzigo hupungua.

Forodha ikibadili nambari iliyotamkwa, mwagizaji aombe sababu kwa maandishi, kisha ahesabu siku. Kifungu cha 229 cha Sheria ya mwaka 2004 kinampa siku 30 tangu tarehe ya uamuzi kuomba mapitio kwa Kamishna, naye Kamishna ana siku 30 za kujibu. Asipojibu katika muda huo, ombi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Asiyeridhika na jibu ana siku 45, chini ya kifungu cha 230, kukata rufaa katika baraza la rufaa za kodi la nchi yake. Hata pale ambapo hakuna mgogoro, ankara, tamko, sampuli na karatasi ya sababu vihifadhiwe kwa miaka 5, kwani ndani ya muda huo forodha inaweza kurejea mzigo uliokwisha kuuzwa na kudai ushuru uliopungua.